Vitabu Viwili juu ya Kubaleghe, na Nyumba ya Mwali katika Delta ya Rufiji

Vitabu vya Kiswahili vinavyosema waziwazi habari za mtoto anapogeuka kuwa mtu mzima ni vichache mno, na hivyo vichache vimeachana sana kwa miaka. Hapa nataka kuvipima viwili. Cha kwanza ni Desturi za Wasuaheli, kilichopigwa chapa Göttingen katika nchi ya Ujerumani mwaka 1903. Kilitoka kwa jina la Carl Velten, lakini sehemu kubwa ya maneno yaliyomo ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliyekuwa akifundisha Kiswahili mjini Berlin. Cha pili ni Vipindi vya Maisha, kilichotolewa Dar es Salaam na Macmillan Aidan mwaka 2009, kazi ya Marni Sommer wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Labda msomaji ataona ajabu kuvitia vitabu hivi katika mizani moja, maana kimoja ni cha elimu ya desturi na kingine ni cha afya. Mimi naviona vyazungumza habari za mtoto yule yule, na kila kimoja kina kitu ambacho mwenzake hana.

Kwanza niseme kilichonifanya nivitafute. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha darasa la sita katika shule moja ya pwani. Siku moja msichana wa miaka kumi na miwili aliomba ruhusa ya kutoka, nikamkataza, maana saa ya hesabu ilikuwa haijaisha. Akaomba mara ya pili na ya tatu, nami nikadhani ni utundu. Alipoitwa ubaoni hakuinuka. Nikamkemea, naye akainuka, na darasa zima likaona sketi yake ina damu. Wavulana wakacheka. Mimi niligeuka nikafuta ubao uliokuwa hauna kitu. Kesho yake hakuja, wala muhula ule hakuonekana tena. Nilipokwenda kwao kuuliza, niliambiwa kwa furaha kabisa ya kuwa yumo ndani, ni mwali, na kungwi wake amekwisha kuitwa. Nikarudi nikijua ya kuwa mimi niliyesomea ualimu sikuwa na neno hata moja la kumwambia mtoto yule, na bibi asiyejua kusoma alikuwa nayo mengi.

Basi nianze na kitabu cha Mtoro, maana ndicho kilichomtazama yule bibi. Sifa yake kubwa ni kwamba kimesemwa na mwenyeji kwa lugha yake. Wageni wengi waliandika habari za jando na unyago kama watu wanaochungulia penye ufa, wengine wakicheka, wengine wakitisha. Mtoro hafanyi moja wala jingine. Kama vile anavyosimulia kuzaliwa, chuo cha Kurani, michezo, arusi na matanga, ndivyo anavyosimulia ngariba na kumbi la wavulana, na kungwi na mwanafunzi wake wa kike, kwa sauti moja tulivu. Mtoto kwake hakui peke yake: anapopita kutoka hali moja kwenda nyingine yuko mtu aliyewekwa kumshika mkono, mwenye jina la kazi yake na haki yake ya kulipwa. Hili ndilo jambo ambalo sisi tulioleta shule tulilikosa tangu mwanzo. Tuliweka mwalimu wa hesabu na mwalimu wa maandiko, na kwa siku ile mtoto anapouona mwili wake umegeuka hatukuweka mtu.

Walakini kitabu kina upungufu, na si haki kuuficha kwa sababu ya heshima ya uzee wake. Mtoro ni mwanamume, na mambo ya unyago hayaonyeshwi wanaume. Kwa hiyo ya wavulana ayasema kama aliyeyapitia, na ya wasichana kama aliyehadithiwa. Tena aliwaandikia watu wa Ulaya waliotaka kujua yanayotendeka, si watoto waliotaka kujua yanayowapata. Twaambiwa lini mtoto huingizwa, nani humfunza, na malipo ni nini. Lakini mtoto mwenyewe hasemi. Kama aliogopa, au aliona aibu, au alidhani anakufa, hakuna mahali palipoandikwa. Hata Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, naye ni mama mzazi asemaye kwa mapenzi makubwa, alimwusia juu ya Mungu, na adabu, na mume. Mabadiliko ya mwili wa binti hakuyataja. Basi jambo hili si kosa la Mtoro tu. Maandishi yetu ya zamani yamjua mke atakayekuwa kuliko yanavyomjua mtoto aliyepo.

Hapa lugha yenyewe yafaa kutazamwa kidogo, maana waalimu wengi husema Kiswahili hakina maneno ya mambo haya, ndiyo sababu wao hunyamaza. Si kweli. Maneno yapo, lakini mengine yanasaidia na mengine yanadhuru. Chukua neno kuvunja ungo. Ungo ni chombo cha kupepetea, tena ni mali ya mama, na kuvunja chombo cha nyumbani ni hasara. Mtu mzima hasikii tena maana hiyo ya kwanza, lakini mtoto husikia. Msichana mmoja aliniambia alipokuwa mkubwa ya kuwa alipoambiwa amevunja ungo alikwenda jikoni kutazama. Twaweza kucheka, naye alicheka aliponisimulia, lakini siku ile hakucheka. Kubaleghe, ambalo vitabu vya shule siku hizi huliandika kubalehe, ni neno jema la Kiarabu, maana yake kufikia, na lafaa kwa mvulana na msichana sawasawa. Hedhi nalo ni la Kiarabu, nalo halina tusi. Watu wa pwani husema pia ada, au mwezini, na yote mawili yana staha. Na kitambaa cha kazi hiyo kina jina lake la zamani, sodo, ambalo lilikuwa karibu kusahauliwa, na siku hizi limefufuka madukani na mashuleni. Mwalimu asemaye hana neno hajauliza nyumbani kwake.

Lakini neno ninalolitaka zaidi ni kigori. Kigori ni msichana ambaye bado hajavunja ungo lakini yu karibu. Akiisha kuvunja ungo ni mwali. Lugha yetu, basi, imetengeneza ngazi mbili mahali ambapo lugha nyingine zina moja. Na waganga wa leo wasema jambo lile lile kwa njia yao. Kwa wasichana wengi dalili ya kwanza ni maziwa kuota, mara nyingi kati ya miaka minane na kumi na mitatu, na hedhi ya kwanza hufuata baada ya muda wa kama miaka miwili au zaidi. Maana yake, mwili humpigia hodi kwanza. Miaka miwili yote mtoto ni kigori, kila mwanamke wa nyumbani anamwona ya kuwa ni kigori, wala hakuna amwambiaye neno. Desturi humngoja awe mwali ndipo imfunze. Hili ndilo kosa langu kubwa juu ya unyago, na ni kosa tofauti na lile waliloliona mapadre wa kwanza. Wao walilaumu nyimbo na ngoma. Mimi nalaumu saa.

Sasa nivipeleke vitabu hivi Nyamisati. Wasomaji wasiopajua wafahamu ya kuwa ni kijiji na bandari pembeni mwa delta ya Rufiji, katika wilaya ya Kibiti, mahali ambapo vyombo vya kwenda Kilindoni katika kisiwa cha Mafia hupakia watu na mizigo. Kusini yake ni mikoko na vijito, na vijiji vinavyofikiwa kwa mtumbwi maji yakijaa. Wenyeji wengi ni Wandengereko na Warufiji, na karibu wote ni Waislamu. Watu hulima mpunga, na mpunga ukizaa hutaka kulindwa, mchana na ndege, usiku na nguruwe. Kwa hiyo jamaa huhamia shamba, hujenga dungu, yaani kibanda juu ya nguzo, wakakaa huko kwa majuma mengi. Watoto wengine huenda nao, wengine huachwa kijijini kwa bibi yao.

Fikiri basi msichana ambaye siku yake imemkuta dunguni. Aliye naye ni mama yake, na kwa desturi mama mzazi hamfunzi binti yake mambo haya. Ni haya kwa wote wawili. Kazi hiyo ni ya somo, au ya kungwi, au ya bibi. Somo yuko kijijini, na njia ina maji. Mama anajua, na mtoto anajua ya kuwa mama anajua, na wote wawili wananyamaza mpaka mvuno. Sijui kitabu kilichoandika ukimya huo. Mtoro hakuuandika, maana Bagamoyo ni mji na somo yu mlango wa pili.

Je, Vipindi vya Maisha kingemfaa? Kwa sehemu, ndiyo, tena sana. Utafiti uliokizaa ulifanyika mkoani Kilimanjaro, katika shule za mjini na za vijijini, na kiini cha kitabu ni visa walivyoviandika wasichana wenyewe juu ya hedhi yao ya kwanza. Hapa ndipo kinapomshinda Mtoro kwa mbali. Mtoto asomaye anamsikia mtoto mwenziwe akisema, mimi niliogopa, mimi nilificha, mimi niliona aibu darasani. Hakuna mafundisho ya mtu mzima yafanyayo kazi hiyo. Kisha kitabu chaeleza mabadiliko ya mwili na sababu zake, na namna ya kujisafisha na kujitunza. Nimewaona wasichana wakikisoma wawili wawili, wakipeana kiwiko wanapofika mahali fulani, na kurudia. Ni dalili njema kwa kitabu cho chote. Tena kimeandikwa kwa ajili ya msichana aliye bado kigori. Saa yake ni saa ya haki.

Juu ya jina lake nina neno dogo. Waingereza huita hedhi kwa neno lenye maana ya kipindi, na msomaji ajuaye lugha hiyo atauona mchezo uliomo. Mtoto wa shule ya msingi hatauona. Kwake kipindi ni cha hesabu au cha sayansi, huanza na kengele na kuisha kwa kengele. Pengine hakuna madhara. Lakini mambo haya hayana kengele, na hasa mwaka wa kwanza au wa pili, hedhi inapokuwa haijashika mwendo, ikaja, ikakosa, ikaja tena. Msichana asiyeambiwa hivyo hudhani ni mgonjwa, na watu wazima wasiojua hivyo humdhania mabaya. Kila mwalimu amfunzaye kigori alitie neno hili katika maneno yake ya kwanza.

Upungufu ulio mkubwa zaidi ni kwamba kitabu hiki hakikuandikwa kwa ajili ya nyumba yenye kungwi. Mzigo wake umewekwa juu ya msichana, na kitabu chake, na shule yake. Katika delta hiyo ni miguu mitatu isiyo imara. Shule ina choo, lakini maji ya kisima huwa na chumvi, tena yako mbali. Mtoto aweza kuyajua yote ya usafi asiwe na ndoo ya kuyatendea. Na nyumbani kuna mtu ambaye kazi yake ni hiyo tangu kale, aheshimiwaye na wote, naye kitabu chapita mbele ya mlango wake bila kubisha. Matokeo ni kwamba msichana hupata elimu mbili zisizojuana. Shuleni huambiwa, wewe bado mtoto, mwili wako umeanza kukua. Nyumbani huambiwa kwa nyimbo na mafumbo, wewe sasa ni mtu mzima, jiandae kwa nyumba yako. Na la pili ndilo linalochezewa ngoma.

Hapa pana hatari ya kweli, wala si ya maneno tu. Mwili ulioanza kuona hedhi haujawa mwili wa kuzaa; mifupa ya nyonga huendelea kukua miaka kadhaa baadaye, na msichana azaaye mapema sana aweza kukwama katika uchungu, mtoto akafa, naye mwenyewe akapata fistula, asiweze kuzuia haja yake. Katika hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, wanawake hutibiwa ugonjwa huu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka kumi na mitano kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani, na Mahakama Kuu ikakubaliana naye mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019 ya kuwa vifungu vile ni kinyume cha Katiba. Hukumu ni njema. Lakini wimbo wa unyago haujaisikia, na hakuna wa kuupelekea ila yule aimbishaye.

Nimesema mengi juu ya wasichana kwa sababu kwao jambo hili huonekana. Ya wavulana nitasema kwa ufupi, ingawa pengine ni mabaya zaidi. Zamani mvulana alikwenda kumbini, akatahiriwa na ngariba, akakaa huko mpaka apone, na siku hizo zote akifunzwa. Siku hizi mara nyingi hupelekwa zahanati akiwa mdogo, akarudi nyumbani siku ile ile. Kwa usafi na usalama ni heri kubwa, wala sitaki kisu cha ngariba kirudi. Lakini tuliondoa kisu na mafundisho yakaondoka pamoja nacho, wala hakuna aliyeona. Sasa mvulana sauti yake hukatika, huota usiku akaamka amejichafua, akadhani ametenda dhambi au ameugua, na yule wa kumwambia kwamba ni kawaida ya umri wake hayupo. Baada ya kile cha wasichana kilitoka kitabu cha wavulana pia, nami nakisifu kwa kuwapo kwake tu. Wale waliocheka darasani kwangu siku ile hawakuwa waovu. Hawakuwa wameambiwa kitu.

Ndugu zangu mapadre watakumbuka ya kuwa Kanisa liliwahi kujaribu njia ya tatu. Katika nchi ya Masasi, kabla ya vita ya 1914, Vincent Lucas wa Universities' Mission, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, hakupiga marufuku jando. Aliliingiza katika Kanisa, akaacha umbo lake na kubadili moyo wake. Wengine walimsifu na wengine walimshutumu, na mabishano hayo ni marefu. Mimi naona jambo moja tu la kujifunza kwake: kwa wavulana kazi ilisonga mbele, kwa wasichana ilikuwa ngumu zaidi. Wala si ajabu. Ya wavulana yaliamuliwa na wanaume waliokuwa wamo tayari katika shauri. Ya wasichana yalikuwa mikononi mwa wanawake, na shauri halikuanzia kwao. Na katika Rufiji, ambako sisi ni wachache, hata hatuna haki ya kufikiri juu ya kuingiza unyago wa watu katika Kanisa letu. Tunaloweza ni kubisha hodi.

Basi nilibisha. Likizo iliyopita nilikuwa Nyamisati, nikapelekwa na mke wa mwalimu mwenzangu kwa bibi mmoja ambaye ni kungwi wa wengi. Nilimwamkia, akaniitikia, na mke wa mwenzangu akamsomea kurasa chache za Vipindi vya Maisha, mimi nikiwa nimekaa nje barazani kama ilivyo adabu. Nilimsikia akicheka mara mbili. Walipotoka aliniambia ya kuwa kitabu ni cha kweli, na damu kimeieleza vizuri kuliko yeye anavyoijua, lakini akauliza, siku ile ya kwanza ni nani atakayemfulia mtoto? Nikasema, bibi, kitabu hakiwezi kufua. Akasema, haya basi, mwalimu, kikae hapa na mimi.

Nilimwomba jambo moja, kwamba awaite vigori pia, si wanawali peke yao. Hakukubali papo hapo. Alisema kigori akifunzwa ya mwali atakuwa na kiherehere. Nikamwambia habari ya msichana wa darasa langu na ubao nilioufuta. Alinyamaza kitambo, kisha akasema ya kuwa yale ya usafi na ya kutoogopa aweza kuwaambia vigori, maana hayo si siri ya unyago. Ya ndoa atayaweka mpaka wakati wake. Akataka yasomwe na mwanamke, wala si mimi. Nikakubali. Kitabu kiko kwake hata leo, sandukuni pamoja na kanga zake, na kwa habari ninazopata kimetolewa mara tatu.

Nilipokuwa naaga aliniuliza tena, na wale wavulana waliocheka, wao kungwi wao nani? Sikuwa na jibu la kumpa pale barazani. Shule ilipofunguliwa niliwakusanya wavulana wa darasa langu, kumi na wanane, chini ya mwembe, baada ya saa ya mwisho. Nilianza na sauti kukatika, kwa kuwa hilo halina aibu, na wawili kati yao tayari walikuwa wakijibu kwa sauti mbili.